Gari la Baba Bado Liko Uani

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa, lakini imetufikia barua moja ambayo imetunyima raha, nasi tumeona heri uji wa mtoto usubiri mwezi ujao.

Barua imetoka kwa mama mmoja wa mkoa wa Morogoro. Anasema aliishi na mwanaume kwa miaka sita. Hawakufunga ndoa kanisani wala bomani, ila mahari kidogo ilipelekwa kwao, na mtaani wote waliwajua kuwa ni mtu na mkewe. Wana watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita bwana huyo aliaga kwamba anakwenda Mbeya kutafuta kazi. Mwaka wa kwanza alituma fedha mara mbili, kisha simu ikawa haipokelewi, na baadaye ikajulikana kwamba ana mke mwingine huko. Aliacha pikapu yake uani, imekufa injini, imesimama juu ya mawe manne. Sasa mwenye nyumba anataka uwanja wake, amempa mama huyu hadi mwisho wa mwezi wa sita. Fundi mmoja wa gereji yuko tayari kuinunua kwa ajili ya spea, na fedha hizo zingetosha mahitaji ya bweni ya binti anayeingia kidato cha kwanza. Lakini mdogo wake yule bwana amepiga simu akasema, "Shemeji, gari la kaka usiliguse." Mama anauliza: "Je, nikiuza ni wizi? Na nisipouza, nalipeleka wapi?"

Tumekaa na barua hii majuma mawili. Si kwa sababu ni ngumu mno, bali kwa sababu na sisi tuliwahi kuwa na gari la namna hiyo. Lilikuwa Corolla nyeupe, nalo lilikaa uani kwetu kuanzia mwaka 2011, baba wa watoto wetu alipoondoka, hadi katikati ya mwaka 2014. Hatujapata kuandika habari zake katika ukurasa huu. Leo tutaziandika, maana mama huyu ametuandikia ya kwake bila kuficha, na si haki tumjibu kama watu waliosoma tu kitabuni.

Kwanza tukubali jambo moja ambalo wanaume wa mtaani hawalielewi wanaposema, "Mama, si uliuze tu hilo bati?" Gari lile halikuwa bati. Ni kama koti la mwenye nyumba lililotundikwa mlangoni. Mgeni akipita anaona gari, anajua nyumba hii ina baba. Na sisi wenyewe tulipotoka zamu ya usiku asubuhi tukaliona limekaa pale pale, moyo ulisema: mtu hawezi kuacha gari lake, atarudi kulichukua, na akirudi tutazungumza. Tuliosha vioo vyake kila Jumamosi kwa muda wa mwaka mzima. Mama mmoja wa kanisani, mtu mzima kuliko sisi, alitukuta siku moja na kitambaa mkononi, akauliza, "Mwanangu, unamwoshea nani?" Hatukumjibu, na tulimkasirikia mwezi mzima.

Mwaka wa pili hatukuosha tena. Matairi yakaisha upepo, kuku wakapata mahali pa kutagia, panya wakala nyaya. Watoto wetu na wa majirani walilifanya daladala. Mmoja dereva, mmoja kondakta, wengine abiria. Tuliwaacha, tukafurahi kwamba wanacheza karibu na nyumbani. Hapo sisi kama wauguzi tulikosa sana, na tunaomba wenye magari mabovu uani wasikilize vizuri.

Gari lililofungwa vioo juani hugeuka tanuri kwa dakika chache tu. Mtoto mdogo akijifungia ndani, na kitasa cha ndani ni kibovu, anaweza kufa huku mama yake yuko jikoni. Milango ifungwe kwa ufunguo na ufunguo ukae juu, mbali na mikono ya watoto. Betri ya zamani ina tindikali na risasi. Tindikali ikimrukia mtoto machoni au mwilini, mwoshe kwa maji safi mengi, yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi, ndipo mkimbilie hospitali. Msianze safari kabla ya maji. Risasi nayo huharibu ubongo wa mtoto polepole bila makelele, kwa hiyo betri isivunjwe nyumbani, wala watoto wasichezee vipande vyake. Petroli iliyobaki tangini msiinyonye kwa mdomo na mpira kama tunavyoona vijana wakifanya. Aliyekunywa petroli au mafuta ya taa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu, maana akitapika mafuta huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Apelekwe hospitali upesi pamoja na chupa au maelezo ya alichokunywa.

Na kuna maji. Mwaka 2014 homa ya dengue ilienea Dar es Salaam, mjini tunakoishi. Sisi kliniki kila asubuhi tulisimama mbele ya akina mama tukiwafundisha: mbu wa dengue anauma mchana, anazaliana katika maji yaliyotuama karibu na nyumba, kwenye makopo, vifuu, ndoo na matairi. Tulilitamka neno "matairi" kila siku kwa sauti kubwa. Mwezi wa tano mtoto wetu wa pili akapata homa kali, kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo vyote vinauma. Kipimo cha malaria kilikuwa safi, cha dengue kikaonyesha ndiyo. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuua kirusi chake. Mgonjwa hupewa maji mengi na parasetamo, naye hukatazwa aspirini na diklofena kwa sababu ya hatari ya kutokwa damu, na dalili za hatari huangaliwa kwa makini. Tulimwangalia siku sita. Usiku wa nne fizi zilipotoa damu tulimpeleka wodini, na asubuhi, tuliporudi nyumbani kuchukua nguo zake, tulipita kando ya gari. Kulikuwa na matairi mawili ya akiba yamelazwa nyuma ya buti tangu siku ile baba alipoyashusha. Tulichungulia. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza.

Labda mbu aliyemuuma alitoka kwingine, mji mzima ulikuwa na mbu. Lakini tangu saa ile hatukuhitaji mtu mwingine kutuambia kwamba gari lile lazima liondoke. Mtoto alipona, tunashukuru. Siku aliporuhusiwa tulianza kutafuta kadi ya gari.

Basi, mama mpendwa wa Morogoro, na wewe anzia hapo kwenye kadi. Tafuta kadi ya gari, usome jina lililoandikwa. Kadi ikiwa na jina lako, gari ni lako kulitumia na kuliuza. Yakiwemo majina mawili, lako na lake, mmoja peke yake hawezi kuhamisha umiliki. Pengine utakuta na jina la benki, maana gari lililonunuliwa kwa mkopo huandikwa hivyo mpaka deni liishe; hapo usimguse fundi wala asikuguse. Na kama ni jina lake peke yake, kama tunavyodhani, basi jibu la swali lako la kwanza ni hili: usiuze kwa kificho. Huyo fundi akikupa fedha leo, hawezi kuhamisha umiliki TRA bila mwenye jina kushiriki. Na yule bwana akitokea kesho, anaweza kukushitaki wewe kwa kuuza mali yake, na fundi naye akakudai fedha zake zilizokwisha kununua godoro na ndoo za bweni. Hata kuuza kidogo kidogo, leo redio, kesho gia, ni kule kule.

Sisi tulifanya kosa dogo la namna hiyo. Jirani aliomba betri "kwa siku mbili tu" wakati ingali nzuri, tukampa bila kuandika popote, naye akahama nayo. Miaka mitatu baadaye, katika kikao, swali la kwanza alilouliza baba wa watoto wetu, kabla hajauliza habari za mtoto aliyelazwa, lilikuwa: "Betri iko wapi?" Nasi tukanyamaza kama wezi.

Lakini kusema usiuze si kusema kwamba huna haki. Hapa wanawake wengi hudanganywa na maneno ya mashemeji. Jina kwenye kadi linaonyesha kwamba mali ni ya aliyeandikwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kuthibitisha vinginevyo kunawezekana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jasho la pamoja, wanandoa wanapoachana au kutengana kisheria. Na kazi za nyumbani ni jasho pia. Hilo lilisemwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambalo wanasheria wanalitaja hadi leo. Wengi wanaolitaja hawasemi kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona fedha ambazo mumewe alikwisha kumpa kwa biashara alizitumia ovyo. Ndiyo maana tunasema andika, mama, andika kila shilingi.

Hukufunga ndoa, unasema. Kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo kinasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawachukulia kuwa mke na mume, itadhaniwa kwamba walioana, mpaka mtu athibitishe kuwa sivyo. Na hata ikithibitishwa kuwa sivyo, mwanamke bado anaweza kuomba mahakamani matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri kama zile za watu waliooana. Wewe umekaa miaka sita na mahari ilipelekwa. Usiondoke mezani kwa sababu shemeji amekuambia wewe ni hawara.

Sasa tafuta ushahidi wa ulichotia wewe. Kwetu kadi ilikuwa na jina lake, lakini karatasi za mkopo wa ushirika wa akiba na mikopo, zilizokatwa kwenye mshahara wetu miezi 24, zilikuwa katika sanduku la nguo za watoto. Wewe pengine uliuza mbuzi, au mchele, au ulipika maandazi yaliyolipa mafundi. Nani alijua? Mwandike jina lake, umwombe akumbuke sasa, kabla hujamhitaji.

Kisha mwandikie barua yule bwana. Si ujumbe wa hasira usiku wa manane. Barua fupi, yenye tarehe, nakala mbili, inayosema gari namba fulani uliliacha mahali fulani, mwenye nyumba anataka uwanja, nakuomba uje au umtume mtu kwa maandishi kabla ya tarehe fulani, tulizungumzie pamoja na matunzo ya watoto. Usitie ndani habari za yule mke wa Mbeya. Tunajua utatamani. Sisi tuliandika barua nne tukazichana, kwa sababu kila moja ilifika mstari wa tano ikageuka kuwa barua nyingine. Ya tano iliandikwa na mume wa dada yetu, sisi tukatia sahihi tu.

Barua hiyo mwonyeshe mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji, agonge muhuri nakala yako. Mtu anayejulikana aipeleke. Sisi ilipelekwa na kaka mkubwa wa baba wa watoto, mtu wa haki, ambaye tulikuwa tumemkwepa miaka mitatu tukidhani yuko upande wa mdogo wake. Alituambia, "Shemeji, mimi nilikuwa nasubiri uniite." Shemeji yako wewe naye usimhesabu adui mapema. Mwite, mbele ya mwenyekiti, umwulize kama ana hati ya uwakilishi kutoka kwa kaka yake. Asipokuwa nayo, neno lake juu ya gari halina uzito kuliko lako.

Kuhusu mwisho wa mwezi wa sita: kulihamisha gari si kuliuza. Kama tarehe itafika bila jibu, lihamishie mahali salama. Lipigwe picha pande zote, ndani na injini, mwenyekiti na mashahidi wawili waandike lina nini na halina nini. Vitu vyake vilivyomo viorodheshwe na kuwekwa kwenye boksi. Hata vile vidogo. Sisi tulikuta kandambili zake, kaseti ya kwaya na kikombe cha plastiki cha mtoto wetu mdogo tuliyemchapa siku moja kwa kukipoteza. Likiwekwa kwa shemeji, atie sahihi kwamba amelihifadhi, hakupewa. Na likokotwe au lipakiwe. Asiliwashe kijana yeyote akaliingiza barabarani bila bima. Akimgonga mtu, utatafutwa wewe uliyempa.

Baadhi ya akina mama wanaogopa madeni ya gari yaliyolala. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile tuliyoizoea kwa stika kwenye kioo, ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, na malimbikizo ya nyuma yakasamehewa. Faini za barabarani ndizo zinazofuata namba ya gari, hizo ziulizie polisi kabla ya mauzo. Na tukiwa hapo, kama bwana aliyeacha gari amefariki, yote haya hayahusiki. Hiyo ni mirathi, na ateuliwe msimamizi kwanza.

Akijibu vizuri, mambo huwa mepesi. Auze yeye, au muuze pamoja, mkataba uandikwe mbele ya wakili, muuzaji na mnunuzi wote wawe na namba ya TIN, ada na ushuru wa stempu vilipwe TRA, na kadi itoke kwa jina jipya. Mgawanyo wa fedha uandikwe siku hiyo hiyo, si "tutaongea". Asipojibu, nenda baraza la usuluhishi la ndoa katika kata yako, na kutoka hapo mahakamani. Hata Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mashauri ya ndoa. Kama huna fedha za wakili, waulizie wasaidizi wa kisheria wilayani kwako, wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017, au Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA. Itachukua muda. Fedha za bweni za mwaka huu usizitegemee kwenye pikapu. Zungumza na mkuu wa shule ulipe kwa vipande, na kikundi chenu cha akina mama kijue. Tunajua aibu ya kuomba. Binti hataijua aibu hiyo kama ataijua njaa.

Kwetu alikuja. Jumamosi moja, saa nne, na kaka yake. Alikuwa amenenepa. Alizunguka gari lake mara mbili, akapiga tairi teke kama wanavyofanya, akauliza habari ya betri. Mwenyekiti alisoma karatasi za mkopo wetu kwa sauti. Aliuza kwa fundi siku tisa baadaye, akatia sahihi, tukagawana nusu kwa nusu baada ya kukatwa bei ya betri, ambayo hatukubishana nayo. Nusu yetu haikuwa nyingi. Ililipa ada ya muhula na neti za madirisha yote ya nyumba.

Watoto ndio walilia, hasa mdogo, aliyekuwa dereva. Alikimbia nyuma ya gari lilipokuwa linavutwa kwa kamba mpaka kona ya duka, akarudi na kikombe chake mkononi.

Pale lilipokaa pamebaki weusi wa oili. Tulitaka kupanda mchicha, tukakumbuka kwamba ardhi iliyonywa oili na vumbi la betri si ya mboga, tukachimba udongo wa juu ukatupwa mbali na kisima, tukatandaza kokoto. Sasa tunaanika nguo hapo. Jua linafika vizuri.

Mama wa Morogoro, tuandikie uliposikia neno kutoka Mbeya. Na hayo matairi, kama yapo chini, yamwage maji leo jioni kabla hujaiandika hiyo barua.